Ini la Mpigaji

Jumanne, 4 Machi

Baba mkwe kapiga tena! Kindi wawili kabla chai haijachemka. Mmoja nimemwona mwenyewe akianguka, hapa hapa nilipo kwenye cherehani, maana dirisha langu linatazama ile safu ya miti inayotutenga na shamba la mbegu. Mzee alisimama, akafumba jicho la kushoto, akavuta manati mpaka sikioni — pa! Mnyama chini.

Mwaka mzima uliopita hakugonga hata ukuta. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, ndivyo alivyosema daktari. Akimimina chai, nusu inakwenda kikombeni na nusu mezani. Mume wangu akaanza kumwambia akae ndani apumzike, nyama ataleta yeye. Na kweli, mitego ya mume wangu ndiyo iliyotulisha sungura na kware muda wote huo.

Ini nalo likahamia kwenye sahani ya mume wangu. Kwao ndivyo ilivyo: nyama ni ya wote, ini ni la mpigaji. Mtoto hapewi, mgeni hapewi. Nilipoolewa nilicheka sana — ini la kindi lina ukubwa gani hata ligombaniwe? Baadaye nikaona jinsi Baba alivyokuwa akigeuza uso sahani ya mwanawe ikipita mbele yake. Sikucheka tena.

Sasa limerudi kwake, wiki ya pili hii. Leo alilitafuna polepole, macho yamefumbwa, akasema, "Mkwe wangu, mimi sili bure hapa."

Hakuna aliyemwambia anakula bure. Lakini hakuna aliyemwambia kinyume chake pia.

Zamani mtaa mzima ulimwita Shabaha. Jina likafa taratibu, kama taa inayoishiwa mafuta. Leo nimemsikia muuza mkaa akimwita tena kwa sauti, na Baba akajibu kana kwamba hajaona ajabu yoyote. Nilikuwa na pini mdomoni, nusura nizimeze kwa kucheka!

Alhamisi, 6 Machi

Kindi mmoja.

Kuchuna ni kazi yake, hataki msaada. Anamning'iniza kwa miguu ya nyuma kwenye msumari wa mlango wa jikoni, anachana kidogo, halafu anavuta ngozi yote kama anayemvua mtoto sweta. Mikono yake haihitaji macho. Leo lakini alikuwa akinung'unika. Damu nyingi! Imetapakaa chini ya ngozi, nyepesi, haigandi. Kasema ni jiwe, amempiga kwa nguvu mno. "Mkono huu bado una chuma, mwanangu." Nikaosha nyama, nikaosha tena, maji hayakuacha wekundu. Matumbo tukampa paka.

Nimeona alama juu ya kiwiko chake. Ya zambarau, pana kama kisahani. Kasema kajigonga kwenye tawi. Nyingine iko shingoni, hiyo hajui imetoka wapi. Nimempaka mafuta.

Mume wangu karudi kazini mchovu, maneno hana. Yeye ndiye mtunza stoo wa shamba la mbegu, na msimu huu wa kupanda bosi hawapi hata nafasi ya kupumua. Alipoona ini kwenye sahani ya baba yake alitabasamu — tabasamu la kweli, namjua. Akauliza, "Unawapata wapi siku hizi, Baba?"

"Mitini. Kwani kindi siku hizi wamepanga nyumba?"

Tulicheka wote. Mume wangu ndiye aliyenyamaza wa kwanza.

Jumamosi, 8 Machi

Kuna jambo linanikera tangu asubuhi na siwezi kulitema.

Nilikuwa natia zipu kwenye sketi ya mwalimu, zipu yenyewe mbishi. Nikainua kichwa nipumzike. Baba alikuwa kule, mkono umenyooka, manati imevutwa. Jiwe likatoka, likaenda kugonga shina la mti wa pili. Mbali kabisa! Nikasema haya, kindi ndiyo basi tena.

Kindi hakukimbia.

Alikuwa chini kwenye majani, kajikunja, kama mtu anayesikia baridi. Jiwe la pili nalo likapita. Yupo. Baba akasogea. Akasogea tena, mpaka akawa karibu naye kiasi cha kuweza kumpiga kwa kandambili. La tatu likampata.

Kindi gani huyo? Hawa ni viumbe ambao ukikohoa tu wameshafika kileleni, na huko juu wanakutukana!

Baba karudi kifua mbele. "Jiwe moja!" Mwanangu Kipusa, ambaye kwa babu yake haoni wala hasikii, akampigia makofi. Nikaona nami nipige. Ningefanyaje? Huenda mzee hakuona yale mawili ya mwanzo yalikokwenda. Huenda aliona. Mambo mengine mkwe hapaswi kuyachimba.

Mchana ufizi umemtoka damu akila. Kalaumu mfupa.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Hakuna aliyetoka. Paka hajagusa chakula, kalala chini ya meza ya jikoni, ukimshika tumbo analia. Baba kashinda akichambua mawe yake kwenye bakuli, kwa vidole. Jiwe lenye kona analitupa, anasema linapinda njiani. Mawe yote yalionekana sawa kwangu.

Jumanne, 11 Machi

Paka kafa. Kipusa ndiye aliyemkuta, nyuma ya pipa la maji. Damu puani. Kamlilia mpaka kwikwi ikamshika, na shule amekwenda macho yamevimba.

Mume wangu alimzika kabla ya kwenda kazini. Nilikuwa mlangoni na chai yake. Kabla ya kumfukia alimgeuza kwa kijiti, akainama, akamtazama puani na mdomoni. Kisha akasimama akiangalia ile miti. Nikamwita. Nikamwita tena. Akasema, "Paka alikuwa mzee huyu."

Mzee? Tulimleta hapa bado hajui kulamba maziwa, na Kipusa alikuwa ameshaanza shule! Nimemwambia hivyo. Kasema anachelewa kazini. Chai kaiacha.

Kitu gani anakijua huyu mwanamume?

Jumatano, 12 Machi

Niandike sasa hivi, maana nikingoja nitaanza kujifariji.

Baba alileta wawili leo. Nikapika kwa nyanya na kitunguu, nikaandaa mapema maana Kipusa alikuwa na njaa. Tukaketi. Nikampakulia Baba, maini yote mawili. Nikampakulia mume wangu. Nikampakulia mtoto. Mtoto anapeleka mkono — baba yake akaivuta ile sahani! Mchuzi ukamwagika kitambaa kizima.

"Huyu asile nyama. Ana kikohozi."

Kikohozi! Kipusa mwenyewe kashangaa. "Baba, mbona sikohoi?"

"Utakula maharage."

Sahani yake mwenyewe hakuigusa. Alikuwa anaikoroga kwa kijiko, anatengeneza vilima na kuvibomoa. Na mbele yake baba yake mzazi anatafuna ini. Nikamkazia macho mume wangu. Akaangalia kichupa cha chumvi. Mtoto amezuiwa, mwenyewe hali, na mzee anakula!

Nikafanya jambo ambalo mkwe hafanyi. Nilinyoosha mkono nikaondoa sahani mbele ya baba mkwe wangu, ini la pili likiwa bado zima.

"Samahani, Baba. Nimesahau chumvi."

"Chumvi ipo."

"Imezidi, Baba."

Kaniinulia yale macho yake yenye ukungu. "Mkwe, chakula changu kina nini?"

Nikasema kina unywele. Chumvi haipo, chumvi imezidi, unywele! Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata mlango wa jikoni.

Mume wangu kanifuata. Nikafunga mlango, nikaegemea kwa mgongo. Kwa nini mtoto tu? Kwa nini si baba yako?

Kasema yote, kwa kunong'ona, akitazama sinki. Kindi walikuwa wanafukua mbegu kabla hazijaota, bosi akaagiza sumu ya panya, ile ya punje. Yeye mwenyewe ndiye aliyeipeleka mitini, ndani ya vipande vya bomba, upande ule wa shamba. Mnyama akila hafi papo hapo. Damu yake inakuwa maji, anazubaa siku kadhaa, kisha anakufa. Bango la onyo wameliweka kwenye geti la shamba, huko barabarani. Upande wetu hakuna kitu.

"Na ulijua baba yako anawinda pale!"

"Nilijua haoni," kasema. "Nilijua hatapata kitu. Ningemwambiaje, mama Kipusa? Baba, usile nyama ambayo huwezi kuipiga?"

Na alipoanza kuwapata? Kajiambia hao ni wa upande wetu. Halafu kajiambia labda macho yamerudi kidogo. Alifurahi, ndivyo alivyosema, alifurahi kumwona mzee na ini lake. Mwenyewe alikuwa anakula nyama hiyo nasi mpaka juzi. Paka ndiye aliyemfungua macho, na hata hapo akajipa siku moja ya kufikiri! Siku moja, na maini mawili yakafika mezani.

Nilikuwa na mwiko mkononi. Namshukuru Mungu sikuutumia. Nilimwona analia na nikakasirika zaidi, maana mimi pia nililiona jiwe likigonga mti wa pili. Nilipiga makofi.

Nyama yote nimeimwaga shimoni, nikafukia, nikaweka na jiwe juu. Baba nimempelekea maharage. Kala. Hakuuliza unywele ulikuwa wa nani. Yeye anayeuliza hata kwa nini kijiko kimebadilishwa, leo hakuuliza, na hilo ndilo linalonitia hofu.

Alhamisi, 13 Machi

Duka la dawa lilipofunguliwa mimi nilikuwa tayari mlangoni. Mume wangu kanipa karatasi ya pakiti ya sumu. Muuza dawa kaisoma huku akimfungia mteja mwingine vidonge. Kauliza nani kala, kwa muda gani. Nikamweleza. Kasema sumu hii hujikusanya kwenye ini kuliko kwenye nyama.

Kwenye ini!

Sisi wengine tupimwe tu, kasema, huenda hatuna kitu. Lakini huyo mzee — kuna dawa yoyote anatumia? Hapo ndipo nilipokumbuka vidonge vyake vya moyo, vile vya kulainisha damu isigande, ambavyo mimi mwenyewe humpa kila asubuhi pamoja na chai. Muuza dawa akaacha kufunga alichokuwa anafunga.

"Dada, hospitali. Leo hii. Vidonge hivyo asimeze tena mpaka daktari aseme. Na angalia sana asianguke, asijikate. Akivuja, hatakauka kirahisi."

Nimerudi nusu natembea, nusu nakimbia. Mume wangu kaomba ruhusa kazini, nimemkuta kwenye chumba changu cha kushonea kasimama kama mteja. Teksi tumeipigia simu. Lakini nani amwambie mzee? Mtu hapelekwi hospitali kama gunia, lazima aambiwe sababu.

"Mwambie wewe," kasema. "Wewe anakusikiliza."

"Sumu niliweka mimi?"

Nikawa nakanyaga cherehani ili ngurumo yake ifunike maneno yetu. Yeye anasema tumwambie ni uchunguzi wa kawaida tu. Mimi nasema daktari atamwuliza kala nini, na ataropoka nani hapo? Yeye anasema mzee hataweza kulibeba. Mimi nasema kinachomwua sicho hicho! Nakanyaga, nakanyaga.

Mlango ukafunguka. Baba.

"Mkwe, unashona nini? Mashine haina kitambaa."

Masikio yake, Mungu wangu! Nikaondoa mguu. Hapo nikaona tone moja jekundu limesimama puani mwake. Kalifuta kwa kiganja bila kulijali. Mume wangu kaliona pia. Basi akasema. Kwa heshima yake, nikiri, alisema yote akiwa amesimama wima, hakulaumu bosi, hakulaumu bango. Sumu, bomba, miti, paka, ini.

Baba alisikiliza hadi mwisho, mkono kwenye fremu ya mlango. Nilingoja aulize kuhusu sumu. Nilingoja aulize kama atakufa. Aliuliza hivi tu:

"Kwa hiyo hawakuwa wanakimbia."

"Hapana, Baba."

"Wote?"

Mume wangu akaangalia sakafu. Baba akatikisa kichwa taratibu, mara moja, kama mtu aliyetajiwa bei ya kitu. Kisha akamwambia mwanawe, "Na wewe ulikuwa unanitazama nikila," bila hasira, na hiyo ikawa mbaya kuliko kofi.

Baba akanigeukia mimi. Kaomba kipande cha kitambaa chekundu. Nyekundu bado anaiona, kasema. Nikampa mabaki ya sketi ya mwalimu. Yupo nje sasa, anakitundika kwenye tawi. Manati anayo shingoni. Kasema haendi popote mpaka ajue kama bado ana shabaha.

Alhamisi, jioni

Hospitali. Kwenye ngazi za nje, daftari kwenye goti.

Nimewaambia naenda kunawa uso. Nimenawa. Sasa nakaa hapa maana nikirudi ndani kuna swali linanisubiri, na jibu sina.

Ilikuwa hivi. Alipiga mawe kule uani, moja baada ya jingine, na sisi wawili tumesimama nyuma yake kama watoto walioadhibiwa. Upepo haukuwepo. Kitambaa kilining'inia tu. Jiwe juu, jiwe pembeni, jiwe moja likaingia kabisa shambani kwa bosi. Alikuwa anageuza sikio kidogo kila jiwe likitoka, lakini kitambaa hakina mlio. Nikamsihi, Baba, usikaze mkono hivyo, mpira ukikatika utakuchana. Hakusikia, au hakutaka. Mume wangu akasogea amshike bega. "Usiniguse," kasema. Tu.

Teksi ikafika. Baba kaweka jiwe la mwisho, lile la mviringo kabisa, alilichagua kwa muda mrefu. Akavuta. Dereva akapiga honi wakati huo huo! Jiwe likaenda zake.

Baba kashusha mkono. Akaniuliza, si mwanawe, mimi: "Kimetikisika?"

Nikasema nilikuwa nafunga mlango, Baba, sikuona.

Tukaondoka. Mume wangu alikaa mbele na dereva, akigeuka kila mara, na kila akigeuka baba yake alikuwa akitazama dirishani, kwenye vitu ambavyo haoni. Leso niliyompa ilikuwa nyeupe tulipotoka nyumbani.

Hapa wametupokea vizuri. Daktari kijana kasoma karatasi ya sumu, kauliza maswali machache, kasema damu ipimwe mara moja na sindano ya dawa ianze, ipo, ila asichelewe. Mimi na mume wangu na Kipusa tutatolewa damu pia. Mtoto yuko kwa jirani. Nawaza sahani ile aliyozuiwa, halafu nawaza sahani zote ambazo hakuzuiwa.

Nesi akaja na kiti cha magurudumu. Mume wangu akainuka. Baba hakuinuka.

"Mkwe wangu, hukuwa unafunga mlango."

Nikashika mpini wa kile kiti.

"Siku ile ya jiwe moja," kasema, "Kipusa alipiga makofi. Kisha wewe ukapiga. Ulichelewa. Niliyasikia yale makofi yako, mwanangu, na nikajua. Nikaamua nisijue." Kafuta pua. "Mwanangu alininyamazia kwa sababu aliona nimekwisha. Wewe usininyamazie. Kimetikisika au hakikutikisika? Nikishajua, watanichoma hizo sindano zao."

Mume wangu akawa ananitazama kwa nyuma ya bega la baba yake, akitikisa kichwa juu na chini. Sema ndiyo. Sema ndiyo twende! Namwelewa. Nesi alikuwa anaangalia saa. Neno moja tu, na mzee aingie ndani akiwa Shabaha. Na akipona atakwenda tena mitini na manati yake, nami nitakaa dirishani nikipiga makofi.

Nikimwambia kweli, kwamba kitambaa hakikutikisika? Namjua. Anaweza kusema haya, tukatibiwe. Anaweza pia kuvaa kofia yake na kuuliza njia ya kwenda nyumbani, leso ikiwa mkononi vile vile.

Ndipo nikasema naenda kunawa.

Nesi anamwita sasa, nasikia mpaka hapa. Anaita tena, sauti imepanda. Mume wangu anasema kitu, anabembeleza. Halafu sauti ya Baba, kavu, haina haraka: "Ngoja kwanza. Namsubiri mkwe wangu."